Kitabu Kisicho na Mwenyewe

Watunzi wa tendi wa upwa wa Afrika ya Mashariki walikuwa na ada ambayo yafaa kukumbukwa siku hizi. Walipofika mwisho wa kazi yao walitia beti za tamati, na katika beti hizo walijitaja: jina la mtunzi, jina la baba yake, mji wake, na mara nyingi mwaka na idadi ya beti pia. Mwana Kupona alipomwandikia bintiye wosia mwaka 1858 hakumaliza mpaka ametwambia kwamba yeye ni binti Mshamu, mtu wa Pate, na mwaka aliutia ndani ya utenzi wenyewe kwa hesabu ya Hijria. Wanakili nao, waliohamisha tendi kutoka karatasi kuukuu hadi karatasi mpya, wengi wao waliacha majina yao chini ya kazi, pamoja na ombi kwa msomaji kwamba akikuta kosa la kalamu alisahihishe. Aliyepokea utenzi alijua anazungumza na nani, na neno lisipokaa sawa alijua pa kupeleka lawama.

Leo maktaba zimeanza kupokea vitabu ambavyo lawama yake haina pa kupelekwa. Vina jalada, vina kichwa, vina namba ya ISBN, na juu ya jalada lipo jina la mtu. Ila mtu huyo pengine hajapata kuzaliwa. Kitabu kimetungwa na mashine, kwa ile elimu ya kompyuta ambayo baadhi ya ndugu zetu huiita akili mnemba na wengine huiita akili unde. Hatuna haja ya kugombea jina. Mabaraza ya lugha yatapatana yatakapopatana. Mashine hizo hulishwa maandishi mengi kupita kiasi, zikajifunza neno gani hufuata neno gani, na mtu akiziagiza kwa mistari michache tu hutoa sura nzima ya kitabu kabla chai yake haijapoa. Swali letu ni moja: mkutubi akikiona kitabu hicho mezani pake, akifanyeje? Jibu linalotolewa na wengi hivi sasa, kwamba akitie rafuni kama kitabu kingine chochote na anyamaze, sisi twalipinga.

Mtu asidhani twaogopa kivuli. Marekani, ambako mambo haya yalianza mapema, maktaba nyingi za umma hutumia huduma ya vitabu vya kompyuta iitwayo Hoopla. Utaratibu wake ni kwamba orodha kubwa ya kampuni humfungukia msomaji moja kwa moja, na maktaba hulipa ada kila kitabu kinapoazimwa. Mwezi Februari 2025 waandishi wa habari walifichua kwamba ndani ya orodha hiyo vilikuwamo vitabu vilivyotungwa na mashine, vimechanganywa na vya watu kama pumba na mchele. Baada ya aibu hiyo kampuni iliwaarifu wakutubi kwamba itachuja. Angalieni lakini mpango wenyewe ulivyokuwa: fedha za kodi ya wananchi zilitoka kila mara msomaji alipodanganyika, na mkutubi, ambaye kuchagua ni kazi yake ya kwanza tangu maktaba zilipobuniwa, hakuulizwa.

Kabla ya hapo, Septemba 2023, kampuni ya Amazon, ambayo kwayo mtu yeyote aweza kujichapishia kitabu, iliweka masharti mawili. La kwanza, mwenye kuchapisha aiarifu kampuni kama maandishi yake yametungwa na mashine. Aiarifu kampuni, mnunuzi hakutajwa. La pili, mtu mmoja asitoe vitabu vipya zaidi ya vitatu kwa siku. Vitatu kwa siku! Shaaban Robert aliishi miaka 53, na vitabu vyake vyote, vya nathari na vya ushairi, havizidi thelathini. Kwa kipimo cha Amazon hiyo ni kazi ya siku kumi, na kampuni yahesabu kwamba imejizuia.

Mwaka huohuo chama cha wachunguzi wa uyoga cha New York kilionya watu wasinunue ovyo miongozo ya kuchuma uyoga wa porini iliyokuwa ikiuzwa humo, kwa kuwa mingine ilionekana kuwa kazi ya mashine. Na katika uyoga kosa moja latosha kumaliza nyumba nzima. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa kiangazi, na kumi kati yake havikupata kuandikwa na mtu yeyote, ingawa vilibandikwa majina ya waandishi mashuhuri. Isabel Allende wa Chile alizushiwa riwaya nzima. Mwaka huo pia Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye hifadhi kubwa ya nyaraka mjini Geneva, ililazimika kuwatangazia watafiti kwamba mashine hizi huzua kumbukumbu za majalada yasiyokuwamo. Mtu huja na namba kamili, yenye nukta na mkwaju mahali pake, akiomba jalada ambalo halijapata kufunguliwa, kisha hukasirika akiambiwa halipo.

Hayo ni ya mbali, na mengi yake ni ya Kiingereza. Kiingereza kina ghala. Kikiharibiwa debe moja hakifi njaa. Kiswahili cha huku kwetu, nje ya upwa, kina kibaba.

Katika mpangilio wa Dewey lugha ya Kiswahili hukaa penye 496.392 na fasihi yake penye 896.392. Mwalimu yeyote na aingie maktaba ya shule yake, atafute namba hizo, kisha aipime rafu kwa shubiri. Katika shule nyingi tuzijuazo hatahitaji mkono wa pili. Sasa tia hapo vitabu kumi vya mashine. Kwenye rafu ya Kiingereza yenye vitabu 5,000 hivyo ni chumvi ziwani. Kwenye rafu ya Kiswahili yenye vitabu 40 vinakuwa kumi katika hamsini, yaani sehemu moja katika tano ya lugha yote ambayo mtoto huyo ataiona kwa maandishi.

Na mtoto huyo hana mahali pengine pa kuipimia. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa akikutana na sentensi mbovu hucheka, maana anayo sikioni sauti ya bibi yake. Mtoto wa Kabale, wa Gulu, wa Huye au wa Ngozi hana bibi wa namna hiyo. Nyumbani husema Kikiga, Kiacholi, Kinyarwanda au Kirundi. Kiswahili hukutana nacho kitabuni na kinywani mwa mwalimu, na mwalimu mwenyewe mara nyingi alikutana nacho hivyohivyo. Kwetu sisi kitabu ndicho mzawa wa lugha. Kikisema uongo, hakuna jirani wa kumwita aje kukanusha.

Bunge la Rwanda liliifanya lugha hii kuwa ya kiserikali mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda, Julai 2022, liliidhinisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tuliyapokea maamuzi hayo kwa furaha, sisi ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukiwaondolea watu dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Lakini maamuzi yalitangulia vitabu. Kati ya amri na vitabu pana nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo mchuuzi atakamoingia na mzigo wake, akiwa na hadithi mia mbili za Kiswahili zenye picha za rangi, bei nafuu, kila darasa na yake. Mwalimu mkuu aliyeahidi mkaguzi kwamba vitabu vitapatikana muhula ujao atakuwa na nguvu gani za kukataa?

Tuseme kidogo juu ya Kiswahili chenyewe cha mashine. Zamani kidogo kilijulikana kwa mbali: ngeli zimevurugika, kiti kimekuwa mtu na mtu amekuwa kiti. Msomaji alicheka akakitupa. Siku hizi upatanisho umenyooka, na hapo ndipo shaka yetu ilipokua. Nyama ni ya Kiswahili na mifupa ni ya Kiingereza. Mkutano hautokei, bali "huchukua nafasi". Kila aya huishia "mwisho wa siku" hata kama jua liko utosini. Neno lisiloeleweka husemwa kwamba "halifanyi maana". Twajua kwamba watangazaji wetu na wanasiasa wetu husema hivyohivyo, wala hatukuwasamehe. Ila mtangazaji aweza kupigiwa simu.

Halafu kuna methali. Mashine ikiombwa methali za Kiswahili juu ya subira hutoa zilizopo, na zikiiishia hubuni nyingine, ikaziandika kwa uso mkavu uleule kwamba wahenga walisema. Wahenga gani? Wengi wetu tumekwisha kusahihisha insha zenye methali za namna hiyo, zenye vina na mizani kiasi cha kumtia mtu shaka juu ya elimu yake mwenyewe. Mwanafunzi akiulizwa ameitoa wapi husema ameisoma katika simu, na hapo mwalimu bado ana la kujibu. Siku atakaposema ameisoma katika kitabu cha maktaba, na kitabu kina muhuri wa shule, mwalimu atashika nini? Muhuri huo si pambo. Ni maktaba ikisema mbele ya mtoto: kitabu hiki tumekikubali.

Hapo huinuka wenzetu wanaosema kwamba kitabu ni kitabu, maktaba haina upande, msomaji mwenyewe ataamua. Maneno hayo yanapendeza, lakini asemaye hivyo hajapata kuitazama kadi ya katalogi. Kadi hiyo haijawahi kuwa bubu. Husema nani ametunga, nani amefasiri, nani amehariri, kitabu kimefupishwa au ni kizima, ni chapa ya ngapi. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 iitwayo Mabepari wa Venisi huandikwa kwa Shakespeare na kwa Nyerere pamoja, na hakuna aliyepata kulalamika kwamba kumtaja mfasiri ni kumbagua. Na kadi inaposema kwamba mtunzi hajulikani, imesema kweli. Kadi inayotaja jina la mtu asiyekuwako, kwa sababu tu jina hilo lilikuwa juu ya jalada, imesema uongo, na mkutubi ndiye aliyeuandika kwa mkono wake. Msomaji ataamuaje, ikiwa jambo la kuamulia amefichwa?

Hoja nzito zaidi ni ile ya wenye haraka, nasi hatutaidharau, kwa kuwa wengi waisemao ni walimu wenzetu wanaofundisha watoto themanini kwa vitabu vitano. Wao husema: heri hadithi ya mashine kuliko rafu tupu. Mtoto anayejifunza kusoma hamjui mtunzi wala hamtafuti. Ataka maneno na picha.

Twawajibu kwa historia. Utupu huu si mpya. Mwaka 1948 ulipoanzishwa ule Mwandao wa Vitabu wa Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, rafu zilikuwa tupu kuliko hizi. Waliojaribu kuzijaza walitafuta waandishi, walisoma miswada, walihariri, wakapeleka vitabu kwa masanduku hadi penye vyumba vya kusomea. Nyuma yao ilikuwapo Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyokagua vitabu kabla havijapigwa chapa. Tunayo mengi ya kuwalaumu: walikinyoosha Kiswahili kwa rula ya kikoloni, wakazibana lahaja, wakaogopa siasa. Lakini tazameni kwamba twaweza kuwalaumu. Mwandao ule ulikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na hata leo mtu akishika kitabu chake aweza kusema ni nani aliyekitunga na ni nani aliyekipitisha. Ugomvi wetu na Kiswahili cha Kamati umekuwa somo katika vyuo vikuu kwa sababu una watu ndani yake.

Tena rafu tupu ina faida moja ambayo haisemwi. Inaonekana. Mkaguzi akipita ataiona, mzazi ataiona, mwalimu mkuu ataitumia kuombea fedha. Rafu iliyojazwa makapi haionekani kuwa na upungufu: afisa wa wilaya ataandika katika taarifa yake kwamba shule ina vitabu 200 vya Kiswahili, na mlango wa bajeti utafungwa kwa miaka mitano. Mwandishi wa Kiswahili wa Uganda au wa Burundi, ambaye hata sasa amchukuaye muswada wake hapatikani kwa urahisi, ataambiwa kwamba soko limejaa. Atakuwa amefukuzwa sokoni na kitabu ambacho hakuna aliyekikesha.

Lipo na la mbegu. Wakulima wetu wayajua mahindi chotara. Mwaka wa kwanza hujaza ghala; mkulima akizitunza punje zake na kuzipanda tena, mavuno hupungua na mabua hayalingani. Watafiti walioandika katika jarida la Nature, Julai 2024, walionyesha jambo la jamii hiyohiyo: mashine ikifunzwa kwa maandishi ya mashine nyingine, na ya tatu kwa maandishi ya hiyo, baada ya vizazi vichache lugha hubomoka. Yaliyo adimu hutoweka kwanza, kisha hubaki maneno yanayojirudia. Kwa Kiswahili, yaliyo adimu ndiyo utajiri: maneno ya wavuvi, ya ngoma, ya jikoni, ya Kingwana cha Kongo, maneno ambayo kamusi huyaweka kwa alama ya zamani. Na tusifikiri kwamba mambo haya ni ya maabara tu. Kamusi elezo ya Wikipedia katika lugha ya Kigrinlandi, lugha ya watu wachache, ilijazwa makala na watu wasioijua lugha hiyo waliotumia mashine kufasiri, hata mwaka 2025 ikaamuliwa ifungwe. Kufungwa kulikuwa ndiko kuiokoa lugha.

Basi maktaba ndiyo ghala ya mbegu. Vitabu vyote vya Kiswahili vilivyopigwa chapa kabla ya Novemba 2022, mwezi ambao mashine ya ChatGPT ilitolewa kwa umma, vina sifa ambayo waandishi wake hawakuijua: kwavyo hakuna haja ya kuuliza swali hili. Ndiyo maana twasikitika tusikiapo kwamba maktaba fulani imesafisha rafu zake, ikauza kwa kilo vile vijitabu vya karatasi ya njano ili kupata nafasi ya kompyuta. Wakutubi na watupe viti, watupe mapazia, lakini vijitabu hivyo waviache.

Tutaambiwa kwamba haiwezekani kutambua kitabu cha mashine. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, nasi hatutaki mkutubi ageuzwe mpelelezi. Zipo programu zinazodai kunusa kazi ya mashine, na twaonya dhidi yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford ulionyesha kwamba programu za namna hiyo ziliwashuku kimakosa wageni wa Kiingereza, watu walioandika insha zao kwa mikono yao katika mtihani, zaidi ya nusu ya insha zao. Wageni wa lugha ni sisi! Mwandishi wa Gitega anayeandika Kiswahili chepesi na cha uangalifu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitwa mashine.

Kwa hiyo tusiulize maandishi yananukaje. Tuulize yametoka wapi, na nani atayajibia. Mchapishaji anayeuzia maktaba aeleze kwa maandishi kama kitabu kimetungwa na mtu, au na mashine, au na mashine kisha mtu akakipitia. Na amtaje mtu huyo, mwenye kupatikana, aliyekisoma Kiswahili chake chote tangu mwanzo hadi mwisho. Asiyeweza kumtaja hajakisomesha. Akidanganya, atakuwa amevunja mkataba, na mkataba una mahakama. Hilo halihitaji programu yoyote. Lahitaji fomu ya ukurasa mmoja na mkutubi asiyeona haya kuuliza.

Mtu atauliza habari za mfasiri aliyetumia mashine kupata rasimu, kisha akaketi nayo mwezi mzima, akaing'oa mifupa ya Kiingereza mmoja mmoja. Huyo hatuna neno naye. Ametia jina lake, na kitabu ni chake, kizuri au kibaya. Wala hatuwaungi mkono wale wenzetu, nao wapo hata ndani ya kamati yetu, wanaotaka vitabu hivi visikanyage maktaba milele. Asiyeona hufaidika na sauti ya mashine inayomsomea kitabu ambacho hakuna aliyepata muda wa kukirekodi, na kumnyima ni ukatili. Aambiwe tu kwamba sauti ni ya mashine.

Isitoshe, maktaba si za namna moja. Maktaba ya hifadhi ya taifa haichagui. Makerere ilipewa kwa sheria ya mwaka 1958 haki ya kupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, na Maktaba ya Taifa ya Uganda ilipewa haki ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2003. Maktaba hizo na zipokee hata takataka, maana takataka za leo ni ushahidi wa kesho: mtafiti wa mwaka 2070 atataka kujua ni lini hasa "mwisho wa siku" uliingia katika hadithi za watoto. Lakini ziziweke mbali na nyingine, zikiwa na alama katika katalogi ambayo mtafutaji ataiona kabla hajaandika namba ya rafu. Sheria hizo zilitungwa zikimfikiria mchapishaji mwenye ofisi, na mlango, na mtu wa kumpelekea barua. Kitabu kinachochapwa nakala moja moja ng'ambo, kwa jina la kubuni, hazikukifikiria, na wabunge wetu wakumbushwe.

Maktaba ya shule ni nyingine. Hiyo hununua kidogo, na kila inachonunua hukiweka mkononi mwa mtoto asiyejua kupinga. Humo, kwa rafu za kamusi, za sarufi, za methali na za hadithi za madarasa ya chini, msimamo wetu ni mkali: kitabu kisichokuwa na mtu wa kukijibia kisinunuliwe, na kikiletwa bure kisipokewe. Kwa rafu nyingine mkutubi atumie busara yake, mradi alama iwepo ndani ya jalada, kwa Kiswahili kinachosomeka, pale ambapo muhuri hupigwa: "Kimetungwa kwa mashine. Kimesomwa na fulani." Na kama hakuna fulani, liachwe pengo, ili pengo lenyewe lionekane.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la fedha. Katika shule zetu nyingi mkutubi ni mwalimu wa Kiswahili aliyeongezewa ufunguo. Afundisha vipindi 28 kwa juma, asahihisha madaftari, kisha aambiwe asome vitabu vya wachuuzi usiku kwa taa yake. Hilo halitafanyika, na tukilidai bila malipo tutakuwa tumetunga azimio la kupamba ukuta. Wizara zinazofurahia bei nafuu ya vitabu vya mashine zitenge sehemu ya akiba hiyo ziwalipe wasomaji wa miswada, kwa ukurasa, kama walivyolipwa wahariri zamani. Wasomaji hao wapo. Wapo walimu wastaafu wa Kiswahili katika kila wilaya, wanaokaa na miwani yao na kalamu nyekundu, na tangu siku ya kustaafu hakuna aliyewaletea hata ukurasa mmoja. Matawi ya chama na yaanze kuandika majina yao muhula huu, pamoja na lahaja wanazozijua, ili mchapishaji atakapodai kwamba hakupata mtu wa kumsomea, orodha iwe mezani.